Saa Kumi na Moja na Dakika Kumi

Mimi ndiye niliyemleta. Hilo lieleweke mapema, kwa ajili ya wale wenye tabia ya kufungua kitabu katikati. Mgonjwa alikuwa mke wangu. Mimi nilikuwa msindikizaji, nimebeba chupa ya chai na kanga yake ya akiba, na kichwani sikuwa na tatizo lolote isipokuwa upara. Sasa nina siku ngapi humu ndani, sijui. Na usikimbilie kalamu kuandika kwamba sijui siku. Humu hakuna anayejua, hata hao wanaouliza.

Jengo halina jina. Watu wa mji wanaliita Kipimo, kama wanavyosema kisimani au sokoni. Ukiingia unakutana na ukumbi mrefu wenye mabenchi, na kila upande kuna dirisha moja. Ukichungulia la kushoto ni asubuhi, jua la saa kumi na mbili, umande mbichi, kuku ndiyo kwanza wanatoka bandani. Ukichungulia la kulia ni adhuhuri, jua la saa sita, kila mtu amekanyaga kivuli chake mwenyewe. Nimepima kwa miguu yangu. Kutoka dirisha hadi dirisha ni hatua kumi na nane na masaa sita. Nimesema uongo mwingi katika maisha haya, lakini hili la madirisha ni kweli tupu, na pengine ndiyo maana kila ninayemwambia anatikisa kichwa.

Uongo wangu nauongea bila haya, maana ni mali yangu. Nimewahi kusema nilimeza shubiri ndoo nzima nikaomba nyingine. Nimewahi kusema baba yangu alikuwa mrefu hata alikuwa akivua kofia kwa ngazi. Lakini kuhusu saa sijawahi kudanganya. Miaka thelathini na moja nilikuwa mpiga king'ora wa kiwanda cha mkonge. Watu mia nane waliamka kwa mkono wangu, wakala kwa mkono wangu, wakarudi kwa wake zao kwa mkono wangu. Mtu wa namna hiyo anaweza kucheza na chochote kile, na nimecheza, lakini saa hapana. Ningechelewesha dakika moja, dakika hiyo ingezidishwa mara mia nane, na ningekuwa nimewaibia watu nusu siku na zaidi. Hesabu hiyo niliipiga mwenyewe kwa mkaa ukutani. Shule sikupita, nilipita nyuma yake tu, nikasikiliza dirishani.

Mke wangu anaitwa Tatu. Alianza kwa vitu vidogo. Chumvi kwenye chai, sawa, hata mimi. Kiatu ndani ya sufuria, tukacheka. Akaondoka kwenda kumsalimia mama yake, na mama yake tulimzika zamani, na nyumba ile ilishavunjwa pakapita barabara. Nikamkuta amesimama katikati ya barabara anabisha hodi hewani. Halafu ikaja asubuhi moja, nimekaa kitandani navaa kandambili, akaingia, akainamisha kichwa, akaniambia, "Shikamoo." Katika miaka arobaini na minne hajawahi kuniamkia hivyo. Ulimi wangu, kwa mazoea, ukaitika, "Marahaba." Tukatazamana. Mmoja wetu alikuwa amepotea pale chumbani na sikutaka kujua ni nani. Ndipo nikamleta Kipimo.

Mpimaji alikuwa mama wa makamo aitwaye Semeni, miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja. Mbele yake kitabu kinene kama tofali la kuchoma.

"Mgonjwa ni huyu," nikamwambia.

"Tunapima kila anayeingia, babu. Kaa hapo. Maswali tu, hayaumi."

"Mimi nimesindikiza."

"Wote wamesindikiza. Jina la mke wako?"

"Tatu."

Akasoma kwenye kitabu hicho, ambacho humu kinaitwa Kinene, akaandika: ametaja namba mahali pa jina.

"Mama, si namba. Ni jina lake. Huyu hapa, muulize."

"Najua, babu. Hata shangazi yangu anaitwa Tatu."

"Sasa?"

"Mimi najua. Kitabu hakijui."

Alisema hivyo bila ubaya, kama mtu anayekwambia mvua inanyesha. Akanisukumia karatasi yenye duara na penseli ya kulowesha kwa mate. "Hii ni saa. Andika namba zake, halafu weka mishale ionyeshe saa kumi na moja na dakika kumi."

Nikacheka kimoyomoyo. Kuniuliza mimi saa! Ni sawa na kumwuliza mbuzi habari za majani. Nikapanga namba zote kumi na mbili vizuri. Mshale mfupi nikaupeleka kwenye tano, umezidi kidogo, maana dakika kumi zimeshapita. Mrefu nikauweka kwenye mbili. Saa kumi na moja na dakika kumi ya jioni, jua limelegea, zamu ya pili imeshanawa mikono. Nilikaribia kuusikia ule mlio.

Semeni akafungua kitabu, akaweka picha yake kando ya yangu. Kwenye picha ya kitabu mshale mfupi ulikuwa umesimama juu ya kumi na moja.

"Hiyo ni saa tano," nikasema.

"Ni saa tano," akakubali.

"Umeniuliza kumi na moja."

"Kitabu kimetoka mbali, babu. Maneno yake yalifasiriwa. Mshale haukufasiriwa."

Fikiri na mimi hapo kidogo, kama huna haraka. Kitabu kimevuka maji, kimebadilishwa lugha neno kwa neno, kimevalishwa jalada jipya, na njiani kikasahau kubadili saa. Masaa sita yameanguka kati ya bandari na bandari. Na kitabu hicho chenye kusahau ndicho kilichotumwa kuja kuniuliza mimi kama nasahau. Masaa sita hayo yako wapi? Kitu hakiwezi kupotea kikawa si mahali popote. Nikageuka kushoto nikaona asubuhi. Nikageuka kulia nikaona adhuhuri. Nikajua nimekaa wapi.

Kisha ikafika zamu ya mke wangu. Tatu akalitazama duara kwa muda mrefu sana, kama mtu anayetazama sahani asijue amealikwa au la. "Kumi na moja," akanong'ona. Akazitafuta namba kwa kidole, moja moja, akaikuta kumi na moja imeandikwa, akafurahi. Akauweka mshale mfupi hapohapo. Nilitaka kulia. Maana mke wa mpiga king'ora, katika miaka yote ile, angeambiwa kumi na moja angekwenda kwenye tano hata akiwa usingizini. Desturi hiyo kwake ilikuwa imeshafutika. Alikuwa amebaki na tarakimu tu, kama mtu aliyebaki na ufunguo wakati nyumba imeungua.

Semeni akaweka picha kando. Zikalingana.

"Bibi ni mzima," akasema, na macho yake hayakuwa juu ya karatasi. "Babu umepotea."

Utaratibu wa Kipimo nikauelewa hapo, na wewe uelewe, maana ndio ukuta wenyewe. Lango linasimamiwa na Kinene: anayesemwa mzima na Kinene lazima atoke, anayesemwa amepotea habanduki. Lango hufunguliwa mara moja, halafu hufungwa. Kwa hiyo Tatu wangu, ambaye anabisha hodi hewani, angetolewa nje peke yake, ashike njia ya kurudi nyumbani, na barabara ile ile inamsubiri na malori yake. Na mimi ninayeijua njia ningebaki nikimchungulia dirishani. Dirisha lenyewe kama ni la asubuhi, ningekuwa namwona jana.

"Basi mwacheni abaki na mimi," nikamwomba Semeni. "Ni mgonjwa. Mimi ndiye ninayelala naye, nakuapia."

"Vitanda vina kitabu chake, babu. Kinaitwa Chembamba. Chembamba hakimpokei mtu bila shahidi wa nyumbani."

"Shahidi mimi hapa."

"Shahidi lazima awe mzima."

"Nani mzima hapa?"

Akamtazama Tatu. Tatu alikuwa anakunja kanga yake, anaikunjua, anaikunja.

Nikaenda kukaa benchi la mwisho. Hapo kulikuwa na mzee anaitwa Lugendo, mtani wangu kwa kabila, nimemtambua kwa lafudhi kabla hajamaliza salamu. Miguu yake imekwisha kufanana na miguu ya benchi.

"Karibu, mfu," akaniambia. "Nilijua tu mtakuja kuzikwa kwetu, kwenu hakuna hata udongo."

"Udongo wenu nyie mnaula. Uko hapa tangu lini?"

"Tangu ubao ule uliposema thelathini."

Alionyesha ubao mweusi juu ya mlango. Umeandikwa kwa chaki: KATI YA WAZEE MIA, WALIOPOTEA NI. Halafu namba. Lugendo akaniambia nisubiri. Mtu mmoja akatoka, akaondoa Kinene mezani, akaweka kitabu kingine, chepesi kama kijitabu cha dua. Hakuna mzee aliyeinuka, hakuna aliyeingia, hakuna aliyekohoa tofauti. Ubao ukafutwa. Thelathini ikawa tatu.

"Umeona?" Lugendo akasema. "Sisi ni wale wale. Kinene kinataka makosa mawili tu na umekwisha. Chembamba kinataka upoteze kila kitu na jirani aje aape. Kwa Kinene mimi nimepotea, siwezi kupita langoni. Kwa Chembamba mimi ni mzima, sipati kitanda. Nikiomba kutoka naambiwa mgonjwa, nikiomba uji naambiwa huna ugonjwa."

"Kwa hiyo unaishi wapi?"

"Hapa. Kwenye kutoa." Akacheka kwa ufizi. "Thelathini toa tatu. Tuko ishirini na saba, mtani. Hesabu."

Nikahesabu. Nikawakuta ishirini na saba kweli, na nikahesabu tena nikakuta ukumbi umerefuka, na kila benchi lina mtu amekaa amekumbatia goti, na hao nao ni wa mji mwingine wenye kitabu kingine. Nimelala macho nikiwaza jambo hili. Mtu anapofutwa ubaoni anakwenda wapi? Chaki yake inaanguka chini, inakanyagwa, inapepea, inaingia puani mwa aliyebaki. Waheshimiwa wa mji wanasoma thelathini wanashika vichwa, wanasoma tatu wanaagiza soda. Na sisi hatujapungua hata jino. Je, mimi nipo kwa sababu nipo, au nipo kwa sababu mtu amefungua ukurasa fulani? Na akifunga? Mimi nilikuwa mtu wa kuwapa wenzangu wakati. Sikuwahi kujiuliza nani alinipa mimi ruhusa. Pengine kuna asubuhi moja mkono wangu uliteleza, watu mia nane wakaamka mapema kuliko jua, na hakuna aliyeuliza, maana king'ora kimesema. Pengine haya ni mashitaka yao. Nanong'ona hivi. Nafuta. Nanong'ona tena. Mimi nani. Mpiga king'ora. Kipo wapi king'ora. Kimya.

"We babu," Semeni akaniita. "Zamu yako ya Chembamba. Shahidi wako ni mkeo."

Akamketisha Tatu mbele yangu, na siku hiyo, kama Mungu alivyopenda, Tatu alikuwa amerudi. Unajua taa ya kandili inavyopanda ghafla mafuta yanapokaribia kwisha? Alinitazama, akanitambua mpaka ndani, akatabasamu lile tabasamu la tangu siku ya posa.

"Bibi, huyu unamfahamu?"

"Huyu! Baba Zena huyu. Mwongo kuliko waongo wote wa pwani na bara."

"Anasema mambo ambayo hayakutokea?"

"Kila siku! Aliniambia aliwahi kupiga king'ora mpaka mvua ikarudi juu. Aliniambia baba yake alivua kofia kwa ngazi. Siku ya harusi yetu alimwambia marehemu mama kwamba amekuja kwa miguu kutoka nchi ambayo watu wake wanalala wima." Alikuwa anacheka, machozi yanamtoka, na mimi nikawa nacheka, na Lugendo kule nyuma akapiga goti lake. "Nimekaa na uongo huu miaka arobaini na minne, mwanangu. Usiniondolee."

Semeni peke yake hakucheka. Aliandika: anabuni. Aliandika: tangu zamani, shahidi amethibitisha. Akageuza ukurasa, akapiga mhuri.

"Hongera, mtani," Lugendo akaniambia niliporudi. "Wewe umekuwa mmoja wa wale watatu. Unapata kitanda."

Kitanda kiko ndani zaidi, nyuma ya mlango wa chuma. Huko hakuna dirisha hata moja. Nilimwuliza Semeni nitapelekwa lini, akasema lango la nje likishafungwa. Kisha akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitenge, akasema polepole bila kunitazama.

"Kuna ruhusa moja kwenye Kinene. Swali ulilokosa unaweza kurudia, mara moja tu. Babu, chora wanavyotaka. Basi. Chora utoke na bibi."

"Nichore saa tano niite kumi na moja?"

"Ni mstari mmoja wa penseli."

"Na wewe kwako, ukimwambia mumeo njoo saa kumi na moja, anakuja lini?"

"Jioni," akasema. "Anakuja jioni, babu. Chora."

Nikaishika penseli. Mkono wangu ulikuwa mzito kama siku ile nilipopiga king'ora cha mwisho kiwanda kikafungwa. Sijui kama umewahi kuapa kiapo ambacho hakuna aliyekutaka uape. Changu kilikuwa hiki kimoja tu. Nimekitunza wakati vyote vingine nimevitupa, kama mlevi anayetunza kitufe kimoja cha shati. Upande huu wa karatasi kulikuwa na miaka thelathini na moja. Upande wa pili kulikuwa na mwanamke anayekunja kanga, na barabara. Nikapeleka mshale mfupi kwenye kumi na moja. Haukulia. Nilidhani ungelia.

Semeni akalinganisha, akapiga mhuri juu ya saa ile ile, akanirudishia karatasi. "Hii ndiyo pasi yako. Shika, wataitaka langoni." Kinene kilikuwa kimerudi mezani, kwa hiyo ubao ukafutwa, thelathini ikawa ishirini na tisa. Lugendo akanipungia mkono.

"Umesema nini huko mbele hata wakakuachia?"

"Nimedanganya."

"Na miaka yote ulikuwa unafanya nini?"

Nikampungia na mimi, nikashika njia ya langoni.

Tatu alikuwa ameshatangulizwa. Nilimkuta nje ya kizingiti, amekaa juu ya jiwe, miguu imebanana, kanga imekunjwa mapajani. Jua halikuwa la dirisha la kushoto wala la kulia. Barabara ilikuwa inanguruma mbele yake. Alikuwa mzima, hajagongwa, hajapotea, na kati yangu na yeye hapakuwa na mlango wowote.

"Twende, Mama Zena," nikamwambia. "Tumemaliza."

Alinitazama kwa adabu. "Nenda tu, mwenzangu. Mimi namsubiri mume wangu."

"Ndiye mimi."

"Yumo ndani. Walimwita kwa maswali."

"Tatu. Ndiye mimi, nimetoka. Tazama, pasi hii hapa." Nikamfunulia karatasi yenye mhuri. Aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka karibu na macho. Kidole chake kikatembea juu ya duara kama kinavyotembea juu ya mchele, kikafika kwenye mshale mfupi, kikasimama.

"Hii ni saa tano na dakika kumi," akasema.

Nikanyoosha mkono niichukue karatasi, hakuiachia.

"Umechora wewe?"

"Nimechora mimi."

"Walikuambia uchore saa ngapi?"

"Kumi na moja na dakika kumi."

Akanirudishia karatasi, akanigusa mkono taratibu, kama unavyomgusa mgeni aliyeomba maji kwenye nyumba isiyo na maji. "Pole, baba. Wewe si mume wangu. Mume wangu ana maneno mengi, lakini hawezi kukosea saa."

"Haraka, babu," Semeni akaita kutoka langoni, mkono uko kwenye komeo. "Nafunga. Ukivuka kurudi huku, siwezi tena kukutoa."

Tatu akasogea kidogo kwenye jiwe lake, akatazama nyuma yangu kule mlangoni, na uso wake ulikuwa na subira ya mtu anayejua kabisa kwamba anayemngoja atatokea.

"Kama unarudi ndani," akaniambia, "mwambie nipo hapa. Sitaondoka bila yeye."

"Nitamwambia," nikasema.

Nikarudi ndani kumtafuta.